Kulinganisha matoleo ya bodi za kigeuzi cha sauti: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Amu

Maswali haya nimeyakusanya mtaa wa Langoni hapa Amu (Lamu), kwa watu wanaonijia na maboksi yao mkononi baada ya sala ya alasiri. Kuna wapenzi wa taarabu, wa kasida za Maulidi, na wanaotaka kusikiliza qiraa bila mvumo nyuma yake. Wote wanauliza jambo moja kwa maneno mbalimbali: imetoka bodi mpya (kile kibao chenye vipuri ndani ya boksi) ya kigeuzi changu, je, niichukue? Jambo likishaelezwa mahali, nimekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Ya msingi

Kigeuzi cha sauti ni nini, na mbona simu yangu inaimba bila hicho?

Simu yako inacho ndani, kidogo kuliko ukucha. Sauti iliyo kwenye faili au kwenye sidii ni namba tupu. Sidii hutoa namba 44,100 kila sekunde kwa upande wa kushoto na nyingine kama hizo kwa upande wa kulia, kila namba ikiwa na biti 16. Spika haielewi namba. Kigeuzi, ambacho wengi hukiita DAC, huzifanya namba hizo kuwa volti inayopanda na kushuka, kisha amplifaya ikaikuza. Kigeuzi cha nyumbani hufanya kazi hiyohiyo kikiwa na boksi lake, umeme wake na nafasi ya kutosha, ndiyo maana fundi anaweza kukifungua na kukirekebisha.

Toleo la bodi limeandikwa wapi?

Geuza bodi utafute maandishi meupe, kwa kawaida pembeni au karibu na mahali umeme unapoingilia: "REV B", "V1.3", au tarehe tu. Usilichanganye na jina la kifaa lililo kwenye boksi. Jina laweza kubaki lilelile miaka mitano huku bodi ndani ikibadilishwa mara tatu.

Namba nne zilizo juu ya chipu ni jambo jingine. Mara nyingi ni mwaka na wiki ambayo chipu ilitengenezwa: 2134 ni wiki ya 34 ya mwaka 2021. Zina faida yake, kwa sababu bodi haiwezi kuwa imeunganishwa kabla ya chipu yake changa kuliko zote. Ukiuziwa "bodi ya zamani, ya kwanza kabisa", soma namba hizo kabla ya kutoa pesa.

Toleo jipya si ndilo bora?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike ukurasa huu. Namba ya toleo inahesabu mabadiliko, na mabadiliko yana sababu nyingi. Kuna toleo linalotoka kwa sababu lililotangulia lilikuwa na kosa la kweli, kwa mfano njia ya ethi (ile ya pamoja ya umeme kurudia) iliyopitishwa vibaya ikaleta mvumo. Hilo linastahili pesa yako. Kuna jingine linalotoka ili kupunguza gharama: kapasita kubwa (vipuri vya kuhifadhi umeme) zimekuwa ndogo, soketi ya chuma imekuwa ya plastiki, regyuleta tatu (vipuri vya kutuliza volti) zimekuwa moja.

Na kuna matoleo yanayozaliwa kwa sababu kipuri kimekosekana. Oktoba 2020 kiwanda cha chipu cha Asahi Kasei Microdevices kule Nobeoka, Japani, kiliungua. Chipu za kampuni hiyo, zile ambazo namba zake huanza na AK, ziliadimika na bei ikapaa. Watengenezaji wengi wa vigeuzi walilazimika kuchora bodi zao upya kwa chipu za ESS au za kampuni nyingine. Mteja aliona toleo jipya akadhani amepandishwa daraja, kumbe kiwanda kilikuwa kinatafuta namna ya kuendelea kuuza. Baadhi ya bodi hizo zilitoka nzuri sana, na nyingine zilichorwa kwa haraka na haraka hiyo inaonekana.

Kwa hiyo usiulize ni toleo la ngapi. Uliza kimebadilika nini, na kwa nini.

## Kulinganisha bodi mbili

Nitalinganishaje wakati sina mchoro wa saketi?

Wengi wetu hatuna, na kazi hufanyika. Utahitaji simu yenye kamera nzuri, mita ya kupimia umeme, karatasi na mwanga wa upande. Mwanga wa upande nausisitiza. Ukiwasha taa juu ya bodi, rangi ya kijani inang'aa na huoni kitu. Lakini ukiiweka bodi dirishani jua likiwa chini, njia za shaba zinainuka chini ya rangi kama mishipa mkononi, na utaziona zinakotoka na zinakokwenda.

Piga picha juu na chini kwa bodi zote mbili, kutoka umbali ule ule. Picha ya chini uigeuze kwenye simu kama inayoonekana kwenye kioo, ili kushoto kwake kulingane na kushoto kwa juu. Kisha fuata safari ya umeme na ya sauti kwa utaratibu: umeme unapoingia, diodi (hupitisha umeme upande mmoja tu), kapasita kubwa, regyuleta, kristali (inayopiga saa, yaani mapigo ya kuongoza bodi), chipu inayopokea namba, chipu ya kigeuzi, chipu za kukuza, na mwisho soketi za kutokea. Katika kila kituo andika mambo matatu: kipuri gani, thamani gani, kiko umbali gani na kinachokilisha.

Huo umbali watu huusahau. Bodi mbili zinaweza kuwa na vipuri vilevile hadi resista ya mwisho na bado zikatofautiana, kwa kuwa katika moja kapasita ndogo ya nanofaradi 100 imekaa milimita mbili kutoka kwenye mguu wa chipu na katika nyingine imesukumwa sentimita mbili. Kapasita hiyo ipo ili chipu ipate mkupuo wa mkondo papo hapo inapouhitaji, na ikiwa mbali haiwahi.

Halafu tazama ethi. Washa tochi nyuma ya bodi. Mahali palipo giza pana shaba pana, na mahali panapopitisha mwanga shaba imekatwa. Toleo lenye shaba pana isiyokatwakatwa chini ya kigeuzi kwa kawaida limechorwa na mtu aliyejua anachofanya. (Bodi zenye tabaka nne hazipitishi mwanga vizuri. Hapo mbinu hii haisaidii.)

Niangalie nini kwanza, chipu au umeme?

Umeme. Najua jina la chipu ndilo linalouza, na vijana hunijia wakilitaja kama jina la mchezaji mpira. Lakini chipu nzuri iliyolishwa umeme mchafu hutoa sauti chafu. Hesabu regyuleta. Toleo lililotenganisha umeme wa kristali, wa upande wa namba na wa upande wa sauti, kila mmoja na regyuleta yake, limepiga hatua ya kweli. Toleo lililobadilisha chipu peke yake likaacha umeme uleule wa zamani, mimi nalipita.

Bodi mpya ina kristali mbili na yangu ina moja. Kuna tofauti?

Ipo, hasa kwa anayetumia USB. Kasi ya namba za sauti, yaani elfu ngapi kwa sekunde (kHz), ina familia mbili. Moja ni ya 44.1, 88.2 na 176.4 kHz, nyingine ni ya 48, 96 na 192 kHz. Kristali ya 22.5792 MHz ni mara 512 ya 44.1 kHz, na ya 24.576 MHz ni mara 512 ya 48 kHz, kwa hiyo bodi yenye zote mbili hugawa namba kamili kwa familia zote bila kulazimisha. Yenye kristali moja huitengeneza saa ya familia ya pili kwa hesabu nyingine ndani ya chipu, na njia hiyo hutegemea sana ubora wa chipu. Ikiwa unasikiliza sidii na nakala zake tu, kristali moja iliyo safi yatosha.

Nikisikiliza bodi mbili, nitajuaje kwamba sijidanganyi?

Sawazisha sauti kwanza. Iliyo juu kidogo tu masikio huiita bora, na hiyo ndiyo hila ya kila duka. Tengeneza mlio mfupi kwenye kompyuta, uucheze kupitia kila bodi, upime volti ya AC kwenye soketi ya kutokea. Tumia mlio wa 100 Hz, kwa sababu mita nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani wa 50 Hz na hukosea milio ikipanda sana. Bodi moja ikitoa volti 2.00 na nyingine 2.02, umefika pazuri. Ikiwa 2.00 na 2.30, usihukumu chochote.

Kisha chagua kitu unachokijua kwa moyo. Mimi hutumia qiraa ya sauti moja bila ala, na rekodi ya udi. Kwenye qiraa nasikiliza pumzi inapovutwa kabla ya aya. Kwenye udi nasikiliza ule mguso wa risha kwenye uzi kabla ya noti yenyewe kufunguka. Mwenzako abadilishe waya bila kukwambia, na wewe uandike. Ukikosea nusu ya mara, bodi zako ni sawa kwa masikio yako, na pesa umeiokoa.

## Kupandisha

Naweza kuhamisha mabadiliko ya toleo jipya kwenye bodi yangu ya zamani?

Mara nyingi ndiyo, na hii ndiyo njia ninayoipenda. Thamani za resista na kapasita zilizobadilika, kapasita za kuongeza karibu na miguu ya chipu, regyuleta iliyo tulivu zaidi: vyote hivi vinahama kwa gharama ya kikombe cha kahawa na halua. Usichoweza kuhamisha ni njia za shaba. Ikiwa badiliko lenyewe ni ethi iliyochorwa upya, nunua bodi.

Transfoma yangu ya zamani itafaa bodi mpya?

Usijibu swali hili kwa macho. Tazama mambo mawili.

La kwanza ni volti. Transfoma ya 15-0-15 (volti 15 kila upande wa ncha ya kati) baada ya diodi na kapasita hutoa takriban 20.5 kila upande, kwa kuwa 15 huzidishwa kwa 1.414 na diodi hukata karibu 0.7. Hiyo ni hesabu ya kitabuni. Transfoma ndogo ikiwa haijabebeshwa mzigo inaweza kupanda asilimia 20, na iliyotengenezwa kwa volti 230 ikichomekwa kwenye 240 yetu hupanda tena kidogo. Jumlisha utakuta karibu 26. Ikiwa toleo jipya limepunguza gharama kwa kuweka kapasita za volti 25 mahali palipokuwa na za 35, umeshavuka mpaka. Weka za 35.

La pili ni mpangilio wa skrubu za kufungia waya za transfoma. Bodi moja niliyoijua vizuri ilikuwa na mpangilio wa 15, 0, 15. Toleo lililofuata waliuhamisha: 15, 15, 0. Maandishi yalikuwepo, madogo, chini ya soketi ya skrubu, na ukishaifunga bodi kwenye boksi huyaoni. Niliunganisha kama nilivyozoea. Ncha moja ikapata volti 30 badala ya 15, yaani zaidi ya 40 baada ya diodi, na kapasita ya volti 25 ikapasuka kwa kishindo na kujaza chumba moshi. Bodi ilikuwa ya mteja, mzee wa Mkomani aliyengoja kipuri hicho wiki tatu. Nilimnunulia nyingine. Tangu siku hiyo napima kila skrubu kwa mita kabla ya kuwasha, hata bodi niliyoiunganisha mara kumi. Na kumbuka, upande wa transfoma hiyo unaoingia stima una volti 240: chomoa, ngoja, pima, ndipo uguse.

Naweza kubadilisha chipu za kukuza tu, zile za miguu minane?

Ikiwa zimekaa kwenye soketi, ni kazi ya dakika. NE5532, OPA2134 na LM4562 zote ni chipu za pande mbili (vikuzaji viwili ndani ya chipu moja) na miguu yao imepangwa sawa. NE5534 ni ya upande mmoja, miguu yake ni tofauti, usiiweke hapo hata kama inaingia. Chipu ya kasi iliyowekwa kwenye bodi isiyo na kapasita ndogo karibu nayo inaweza kuanza kutetemeka yenyewe kwa masafa usiyoyasikia. Iguse baada ya dakika tano: ikiunguza kidole, irudishe ya zamani. NE5532 ina umri mkubwa na bado sioni haya kuiacha mahali ilipo.

Regyuleta zinafanana sura. Nichomeke yoyote?

Hapana. Ukiitazama usoni kutoka kushoto, 7805 ni kuingia, ethi, kutoka. LM317 ni kurekebisha, kutoka, kuingia. Za upande hasi kama 7915 ni ethi, kuingia, kutoka. Toleo jipya likibadilisha aina ya regyuleta, mashimo ni yaleyale matatu ila maana yake imegeuka.

Waya tatu za I2S nazihamisha moja kwa moja?

Pima kwanza, kama nilivyoeleza kwenye swali la transfoma. I2S, njia ya kupitisha namba za sauti kutoka chipu moja hadi nyingine, ina waya wa saa ya biti, wa saa ya neno na wa data, pamoja na ethi, na bodi nyingine huongeza saa kuu. Hakuna mpangilio mmoja wa pini unaofuatwa na wote. Na waya ziwe fupi.

## Chumvi, joto na stima yetu

Bodi zinakufa haraka hapa Amu. Toleo jipya litadumu zaidi?

Tazama vipuri, sio namba. Kusi likivuma, hewa ya chumvi inapita kila mlango, na chumvi huvuta unyevu. Ile rangi ya kijani inayoanza chini ya soketi za sauti na kutambaa kwenye miguu ya chipu ni shaba inayoliwa. Matoleo mapya yenye vipuri vidogo vya kubandika yana miguu iliyokaribiana mno, na tone moja la chumvi lenye unyevu huunganisha miwili. Bodi ya zamani yenye vipuri vikubwa vya kupenyeza hustahimili zaidi na hurekebishika kwa urahisi. Katika jambo hili, kwa nyumba iliyo ufukweni Shela, ningechagua ya zamani bila kusita.

Ukipata bodi yoyote, ioshe kwa spiriti safi na brashi laini ya meno, iache ikauke siku nzima, kisha ipake vanishi ya bodi tabaka mbili nyembamba. Ziba kwa utepe soketi, swichi na pini zote kabla ya kupaka.

Nikiweke wapi ndani ya nyumba?

Nyumba zetu za mawe zina zidaka ukutani, na watu hupenda kukiweka kigeuzi humo kwa sababu kinapendeza. Kidaka hakipitishi hewa, na joto huua kapasita. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 hudumu takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 unazoshuka. Ndani ya boksi lenye nyuzi 65 itafika kama saa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu ikiwaka usiku na mchana. Ile ya saa 2,000 kwa nyuzi 85, katika joto hilohilo, itafika saa 8,000, yaani miezi kumi na moja. Kwa hiyo unapolinganisha matoleo, soma namba ya joto ubavuni mwa kapasita. Ikishuka kutoka 105 hadi 85, toleo jipya limekwenda nyuma.

Natumia umeme wa jua, na transfoma inanguruma.

Inveta za bei nafuu hutoa mawimbi ya ngazi ngazi badala ya yale laini, na transfoma huyalalamikia. Tafuta inveta ya mawimbi laini. Usibadilishe bodi kwa sababu hiyo.

## Visa vya mara moja moja

Nimebadilisha chipu kwa pacha wake na sauti imeshuka.

Hutokea kati ya PCM1794A na PCM1798. Miguu inalingana na bodi inawaka, lakini ya kwanza hutoa mkondo wa miliampea 7.8 na ya pili 4, kilele kwa kilele. Resista zinazogeuza mkondo kuwa volti lazima zibadilishwe pia. Kisa kingine ni cha chipu za kupokea namba: CS8414 inaingia mahali pa CS8412, lakini CS8416 haiingii.

Bodi mpya ya PCM5102A iko kimya kabisa. Imekufa?

Pengine haijafunguliwa mdomo. Chipu hiyo ina mguu wa kunyamazisha uitwao XSMT, na usipopelekwa kwenye volti 3.3 haitoi sauti. Kwenye bodi nyingi ndogo kuna vidoa vya kuunganisha kwa risasi upande wa chini, na baadhi hufika vikiwa wazi. Na ikiwa hutumii saa kuu, mguu wa SCK uunganishwe na ethi. Kijana mmoja alisafiri na bodi yake kutoka Faza mpaka kwangu kwa tone moja la risasi.

Toleo ni lile lile lakini bodi mbili zinatofautiana sauti.

Linganisha vipuri kama nilivyoeleza, kisha shuku chipu bandia. TDA1541A zenye alama ya taji na OPA627 huigwa sana kwa sababu bei yake iko juu. Futa juu ya chipu kwa pamba yenye asetoni. Maandishi yakitoka, au uso mweusi ukibaki na mikwaruzo ya msasa, umeuziwa kitu kingine.

Bodi ya zamani niifanyeje nikishapandisha?

Ioshe, ikaushe, itie kwenye mfuko uliozibwa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Andika toleo na tarehe juu ya mfuko. Kipuri kikiharibika kwenye ile mpya, kingine kitatoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe na kuvuka kwa boti, na siku zote hizo nyumba itakuwa kimya isipokuwa uwe na hiyo ya zamani kabatini.